Riwaya ya bahari bila sanduku la dhahabu

Mtindo wa riwaya za kusaka hazina baharini tunaujua. Ramani kuukuu inagunduliwa nyuma ya mlango wa nakshi, meli iliyozama karne tano zilizopita inaanza kusakwa, mzamiaji shupavu anajitosa majini, na nyuma yake kuna tajiri mwenye boti ya kifahari na walinzi wenye bunduki. Kurasa mia tatu baadaye boti imelipuka na sanduku limefunguliwa. Hadithi za namna hii hupenda sana bandari za kale zenye vichochoro, kwa hiyo si ajabu watunzi wakiikodolea macho pwani yetu, kuanzia Malindi hadi visiwa vya Lamu. Ninazipenda. Lakini wanaozilalamikia, kwamba zinaikosea bahari, zinausifu uporaji na kuwageuza watu wa pwani magaidi, hawalalamiki bure.

Nianze na utetezi. Malighafi tunayo tele. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi, mfalme akampa rubani, na chini ya mwezi mmoja baada ya kuondoka akawa ameshafika Calicut, bandari ya Bara Hindi. Huyo rubani ni nani? Wengi tulifunzwa kuwa ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari. Wanahistoria wengi sasa wanalikataa jina hilo, na zipo kumbukumbu za Wareno zinazosema alikuwa Mgujarati. Kwa mwalimu wa historia hilo ni kero. Kwa mtunzi wa taharuki ni neema tupu: mtu aliyewaonyesha Wareno njia ya Bara Hindi, na hakuna mwenye hakika alikuwa nani. Halafu kuna twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415, na simulizi za kisiwa cha Pate kuhusu mabaharia Wachina waliovunjikiwa na chombo, wakaogelea hadi ufukweni wakaoa huko huko. Kijana wa Shela ambaye hatagusa kitabu cha akiolojia atakesha hadi saa nane za usiku akiyasoma haya, ilimradi kuna mtu anakimbizwa kwenye mikoko.

Sasa upande wa pili, na nianzie kwenye upepo, maana hapo ndipo watunzi wengi huumbuka. Shujaa anapanda jahazi Lamu mwezi Januari, anatweka tanga, anaelekea Bara Hindi kana kwamba amepanda matatu. Januari ni kaskazi. Upepo unatoka huko huko anakokwenda. Vyombo vinakuja kwetu, haviendi. Wa kwenda husubiri kusi. Da Gama mwenyewe alikwenda mwishoni mwa Aprili, kusi ikianza, safari ikawa nyepesi. Kurudi akaondoka bila kujali msimu, akahangaika baharini karibu miezi mitatu, watu wake wakafa kwa kiseyeye mmoja baada ya mwingine, na alipofika Malindi Januari 1499 mabaharia hawakutosha tena kwa meli zote. Moja ikabidi ichomwe moto. Mtunzi anayelijua hili hana haja ya baruti. Kalenda yenyewe inaua.

Hayo ya upepo ni ya kurekebishika. Zito zaidi ni sanduku.

Kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna mabaki ya meli yanayodhaniwa kuwa ya Wareno, na wazamiaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wameyafanyia kazi. Walichokuta ni pembe za ndovu na vipande vya shaba. Anayesubiri dhahabu atasonya. Ila kwa mtaalamu, pembe moja iliyolala pale ilipoangukia, karibu na shaba ile, chini ya ubao ule, inaeleza chombo kilipakiwa vipi, kilitoka wapi na kilikuwa kinakwenda wapi. Iopoe uikimbize juu, inabaki pembe tu. Hapo ndipo mtindo huu unaponipa shida: shujaa na jambazi wanafanya kazi ile ile. Wote wanashindana kufika chini na kunyakua. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana sura nzuri na mwisho wa kitabu anaikabidhi mali kwa serikali, akiwa ameshauharibu ushahidi wote njiani.

Atakayesema hiyo ni hadithi tu, haimdhuru mtu, aende akaangalie makaburi ya kale ya pwani hii. Mambrui kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa ukutani. Katika makaburi mengine ya aina hiyo utakuta viduara vitupu kwenye chokaa, kingo zimemeguka, alama ya chuma bado inaonekana. Kuna mtu alisimama pale na patasi akang'oa bakuli. Sidhani alisoma riwaya yoyote, lakini fikra ni ile ile, kwamba kitu cha kale ni mali inayomngoja wa kwanza kuifikia.

Kuhusu jambazi, nitawatetea watunzi kidogo. Watu wa Lamu wana haki ya kuchoka na hadithi zinazowageuza watoto wao magaidi. Baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda, huko huko Lamu, mwaka 2011, watalii walipungua, na kazi za watu zikaenda nao. Hata hivyo, kusema pwani isiandikwe na uovu wowote ni kujidanganya. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi nje ya bahari ya Kenya. Julai mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za ardhi ya ekari zipatazo 500,000 Lamu, zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Jambazi wa kwetu hahitaji manyambizi wala paka mweupe mapajani kama wale wa sinema. Anahitaji muhuri, wakili, na afisa asiyeuliza maswali. Anaweza kukaa Nairobi asiloweshe hata kiatu.

Nitaulizwa: ukiondoa sanduku na mlipuko, nani atasoma? Swali la haki, maana msomaji hakununua kitabu apewe somo. Ila taharuki haitegemei dhahabu. Chukua vigango, ile miti ya kuchonga ambayo Wamijikenda, hasa Wagiriama, huisimamisha kuwakumbuka wazee wao waliofariki. Viling'olewa usiku kutoka vijiji vya bara ya Malindi na Kilifi, vikauzwa kwa wachuuzi, vikavuka bahari, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za Marekani. Makumbusho moja ya Denver ilikubali kurudisha 30. Kati ya waliokuwa wameipa vigango hivyo walikuwemo watu wa sinema wa Hollywood, wale wale wanaotuuzia hadithi za hazina.

Humo mna wizi, mna bahari, mna laana anayoiogopa hata mwizi mwenyewe, maana familia iliyoibiwa kigango husema ukame na magonjwa huanzia hapo. Na mna fumbo ambalo hakuna ramani inayolifumbua. Vigango vingi vilivyorudi havina maandishi ya kuonyesha vilichukuliwa kijiji gani, kwa hiyo haviwezi kukabidhiwa familia zake. Kisa kianze kwenye bohari, kigango kikiwa kimelala kwenye sanduku la mbao lenye stempu za forodha, na mhusika awe binti wa Kigiriama anayefanya kazi ya kuorodhesha. Ana picha moja ya zamani iliyopigwa nje ya nyumba ya mzee fulani. Mchuuzi wa wakati ule bado yu hai, bado anaheshimiwa mjini, na ameshasikia kwamba binti anaulizauliza.