Mabibo tumboni mwa mbuzi: tuwape au tuwazuie?

Korosho zinapodondoka Masasi na Newala, malisho yamekauka na mabibo, yaani matunda laini yanayobeba korosho, yanaoza chini ya mikorosho. Wapo wanaowapa mbuzi na ng'ombe bila kipimo, na wapo wanaowafungia mbali wakiyaita sumu. Kila upande una hoja, na jibu limo kwenye tumbo kubwa, lile ambalo wauza supu huliita taulo.

Mbuzi mwenyewe hawezi kuvunja nyuzi za nyasi. Wanaozivunja ni bakteria, zaidi ya bilioni 10 katika kila mililita ya maji ya tumbo hilo, pamoja na protozoa (vijidudu vya seli moja) na kuvu. Humo humo vimo virusi visivyomgusa mbuzi: huingia ndani ya bakteria, huzaliana na kumpasua. Protini yake humwagika, ikageuka amonia na kuliwa upya na bakteria wengine. Kwa mbuzi hiyo ni hasara, maana sehemu kubwa ya protini yake ni miili ya bakteria wanaoshuka tumbo la nne kumeng'enywa. Hata hivyo, virusi hivyo husaidia kuzuia kundi moja la bakteria lisiyameze mengine.

Wanaotetea mabibo wanasema yana sukari, na sukari ni nguvu. Ni kweli, ila nguvu pekee haitoshi. Nyasi zikishuka chini ya asilimia 7 ya protini, bakteria hukosa naitrojeni ya kujengea protini, na kuwaongezea sukari tu hakuwasaidii kuzaliana. Mabibo bila mashudu ya ufuta au majani ya mlusina ni kazi nusu.

Hofu ya wanaokataza ni nzito zaidi. Mnyama mwenye njaa akivamia shamba, sukari humfikia kwanza bakteria aitwaye Streptococcus bovis, anayezaliana upesi na kutoa asidi ya laktiki. pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, ikishuka chini ya 5.5, bakteria wa nyuzi husimama. Ikikaribia 5, laktobasili, bakteria wengine wa asidi ya laktiki, hutawala. Asidi huvuta maji kutoka kwenye damu: mnyama huacha kucheua, huharisha, hupepesuka, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Kuna na salfa, inayopulizwa dhidi ya ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ikiingia tumboni kwa wingi, bakteria huigeuza gesi yenye harufu ya yai viza, nayo ikizidi huumiza ubongo na kumpofusha mnyama. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha huku Kusini, nalo linatutia wasiwasi.

Kwa maoni yetu mabibo yatumike, lakini polepole, maana bakteria huhitaji wiki mbili hadi tatu kuzoea. Yaokote siku hiyo hiyo, kabla hayajachacha, uyaoshe kwa maji mengi. Mbuzi wa kilo 25 aanze na robo kilo, aongezewe hadi kilo moja kufikia wiki ya pili. Nyasi kavu zitangulie, kwani kutafuna huleta mate, na mate hupunguza asidi. Kochoko, yaani mabibo yaliyokaushwa, ipimwe kwa uangalifu zaidi: maji yametoka, sukari imebaki.

Mnyama akishazidiwa, ondoa mabibo, mpe nyasi kavu tu, umwite daktari wa mifugo. Antibayotiki ya kunyweshwa kiholela huua hata bakteria wanaohitajika. Asidi ikishatulizwa, ili kumrudishia bakteria, mbuzi hunyweshwa nusu lita hadi lita moja ya maji ya tumbo kubwa la mnyama mzima wa afya aliyechinjwa muda huo, yakiwa bado na joto na yamechujwa kwa kitambaa. Yakipoa au kukaa wazi muda mrefu, wengi wa viumbe wanaotafutwa watakuwa wameshakufa.