Ndege Iliyolinganishwa Nyuzi

Ndege yenye mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini, haishikwi kwa gundi peke yake. Kinachoyazuia mabawa hayo yasikunjamane angani ni nyaya, na kwenye ndege yangu ya rimoti, Pitts S-2A niliyoiunda kwa theluthi ya ukubwa wake halisi, nyaya hizo zilikuwa nane, nne kila upande: mbili hutoka tumboni mwa ndege zikapanda hadi bawa la juu, nazo ndizo zinazobeba mzigo ndege ikiwa angani, mbili hushuka kutoka kwenye vijiguzo vilivyo mbele ya kiti cha rubani hadi bawa la chini, nazo huyabeba mabawa ndege inapogonga ardhi. Kila waya una parafujo ya kukazia mwishoni, ukiizungusha huku unakaza, ukiizungusha kule unalegeza, na nusu mzunguko tu unatosha kulipinda bawa kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini upepo unakiona. Naeleza haya mapema ili msomaji awe upande wangu tutakapofika kwa mjomba.

Ndege yenyewe ni kazi ya Curtis Pitts, Mmarekani aliyefanyia shughuli zake Florida, na ya kwanza ya ukoo huo iliruka mwaka 1944. S-2A, ambayo ni ya watu wawili, ina mabawa ya mita 6.1 kutoka ncha hadi ncha. Yangu ilikuwa ya mita 2 na kidogo, yenye injini ya petroli ya ukoo mmoja na ile ya msumeno wa kukatia miti, inayokunywa petroli sehemu 32 kwa oili sehemu 1 na kuzungusha propela ya mbao ya inchi 27. Mifupa ilikuwa ya balsa, ule mbao mwepesi sana, na plaiwudi, na ngozi ilikuwa ile nailoni ya rangi inayobandikwa kwa pasi, jambo lililosababisha sare za shule za watoto wangu kuwa na madoa mekundu kwa muhula mzima. Mama watoto alilisemea hilo kwa ufupi na kwa uzito, nami nikanunua pasi nyingine. Hayo tuyaache.

Mjomba wangu alikuja Tanga kutuangalia wiki ile ile niliyokuwa nafunga nyaya. Huyu ni mtu aliyepiga kanuni katika vikundi vya taarabu tangu ujana wake, na kwa kuwa kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, sehemu kubwa ya maisha yake ameitumia katika kulinganisha nyuzi na sehemu ndogo tu katika kupiga. Haachani na ufunguo wake wa kukazia nyuzi. Hukaa katika mfuko wa shati, upande wa moyo, mahali ambapo wazee wengine huweka miwani.

Alinikuta barazani nikiukwanyua waya mmoja kwa kidole, nikisikiliza, kisha nikiukwanyua mwenzake wa upande wa pili. Si mchezo, mafundi wa ndege za zamani walikuwa wakifanya hivyo hivyo, kwa sababu nyaya mbili za urefu mmoja na unene mmoja zikitoa sauti moja, basi zimekazwa sawa. Mjomba alisimama mlangoni na mkoba wake, hakusubiri hata shikamoo.

"Mjomba," aliniambia, "hicho ni chombo gani?"

"Shikamoo, mjomba. Ni ndege."

"Marahaba. Mbona haijalinganishwa?"

Nilimweleza kwa adabu kwamba imelinganishwa, na kwamba lengo ni waya wa kushoto utoe sauti ile ile ya mwenzake wa kulia, basi. Alizipiga zote nane, moja baada ya nyingine, akiwa ameinamisha kichwa, kisha akanitazama kwa huruma ambayo daktari humtazamia mgonjwa aliyejitibu kwa majani. Nyuzi nane zenye sauti nne, alisema, ni ubahili. Nikajibu kwamba ndege haihitaji muziki. Akasema kila kitu chenye nyuzi kinahitaji, ila vingine havijui kusema.

Jioni ile niliweka kipimo cha pembe juu ya kila bawa, nikahakikisha kwamba kushoto na kulia hakuna tofauti, nikafunga kisanduku cha vifaa, nikaenda kulala. Ndege ilibaki uani chini ya paa la makuti, na mjomba, aliyesema kwamba ndani kuna joto, akaomba atandikiwe mkeka huko huko. Usiku mama watoto aliniamsha akaniuliza kama nasikia mtu anapiga gambusi. Nikasikiliza. Palikuwa na sauti moja nyembamba, ting, kisha kimya kirefu, kisha ting nyingine iliyo juu zaidi kidogo. Nikamwambia ni jirani, tukalala.

Asubuhi tuliipakia kwenye kirikuu, mabawa yakitokeza pande zote mbili, tukaelekea upande wa Muheza, kwenye shamba la mkonge lenye kiwanja cha udongo cha zamani. Msimamizi wa shamba alikuwa ameturuhusu kwa sharti moja tu, kwamba tusiguse mkonge. Habari ilikuwa imetutangulia, kwa maana tulikuta wakataji wa mkonge, watoto wao, na mzee mmoja aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Niliwasha rimoti, nikaangalia vibawa vinne vya pembeni vinavyoigeuza ndege ubavu, usukani wa nyuma, mkia. Kila kimoja kilikwenda kilikoagizwa. Mjomba hakusema neno. Alikuwa anatabasamu kwa namna ya mtu aliyemtengenezea mwenzake zawadi akaificha.

Ndege iliondoka vizuri sana. Ilikimbia, ikainua mkia, ikaacha ardhi, na mara tu magurudumu yalipotoka ardhini ikaanza kujipindua kushoto kwa utulivu na kwa nia moja. Niliusukuma mti wa rimoti kulia, ikanyooka kidogo. Nikausukuma hadi mwisho, ikakubali kwenda sawa, lakini kidole kilipoteleza tu, ikapinduka tena, tumbo juu, tumbo chini, tumbo juu, huku ikizidi kupaa. Watazamaji walipiga makofi. Kila ilipozunguka nikitetemeka, wao walishangilia, na yule mzee wa kiti akamwambia jirani yake kwamba kijana huyu kazi yake anaijua.

Nilipata nafasi ya kuuliza, bila kuondoa macho angani, kama kuna mtu aliyeigusa ndege tangu jana.

"Hakuna aliyeigusa," alisema mjomba. "Mimi nimezilinganisha nyuzi tu."

"Umezilinganisha vipi?"

"Rasti. Nimeanzia kushoto chini, nikapanda hadi kulia juu. Nane kamili, mjomba. Ilikuwa kama inaningoja."

Maana yake ni kwamba waya wa kwanza upande wa kushoto ulikuwa umelegea kuliko zote, wa mwisho upande wa kulia umekazwa kuliko zote, na mabawa yangu manne yalikuwa yamepindwa hatua kwa hatua kufuata Rasti, mpangilio wa sauti wa kale wa Waarabu. Ilikuwa ndege pekee mkoani iliyokuwa imepangwa kimuziki, na ilikuwa inaruka kama skrubu.

Kutua ndiko kulikokuwa na kazi. Nilipopunguza mwendo, bawa la kushoto lilishindwa kubeba kabla ya la kulia, kwa hiyo kila nilipoielekeza kiwanjani ilijiangusha ubavu, nikalazimika kuongeza mafuta na kuzunguka upya. Petroli nayo ilikuwa inakwisha. Mwishowe nikaamua kuizima injini kwa swichi na kuiacha ije kwa mwendo wa kuteleza, kwa kasi kuliko kawaida, na iwe itakavyokuwa.

Injini ikanyamaza. Katika kimya kile, ndege ikitujia kwa mbio, zilisikika nyaya zote nane zikipiga mluzi. Mjomba alifumba macho, akainua kidole, akanyamazisha watoto. Kwa haki ya elimu naongeza hapa kwamba mluzi wa waya katika upepo hautokani na ulivyokazwa bali na unene wake na kasi ya hewa: waya wa milimita 1.5 katika hewa ya mita 20 kwa sekunde hutoa mitetemo kama 2,600 kwa sekunde, ukiwa umelegea au umekazwa, na hakuna kanuni yenye uzi wa kufikia huko. Nilimweleza mjomba jambo hilo baadaye. Alisema nilikuwa sijasikiliza.

Ndege ilikipita kiwanja chote, ikalaza ubavu, ikapinduka mara ya mwisho, ikaingia mkongeni kichwa chini. Ile Pitts ya Betty Skelton, aliyekuwa bingwa wa wanawake wa Marekani mwaka 1949 na 1950, imetundikwa kichwa chini kwa makusudi katika jumba la makumbusho karibu na Washington, na watu husafiri kwenda kuitazama. Yangu walikimbia tu kuvuka kiwanja. Miiba ya mkonge ilikuwa imelitoboa bawa la juu na kulishika kwa upole. Mkonge huo nao asili yake ya karibu ni Florida, alikoagizia miche Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, ikafika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai 62 tu, kwa hiyo hata kama msimamizi hakuona hivyo, hao walikuwa watu wa kwao wamekutana.

Propela ilivunjika, usukani ukang'oka, bawa moja la chini likapasuka. Mjomba alifika wa kwanza, akapita juu ya vipande hivyo bila kuvitazama, akachuchumaa, akazikwanyua nyaya moja moja. "Saba ziko sawa," alitangaza. "Moja imeshuka robo." Akaingiza mkono mfuko wa shati.

Nilimzuia kwa heshima zote anazostahili kaka wa mama. Msimamizi wakati huo alikuwa anahesabu majani yaliyovunjika, kisha akatoa kitabu cha stakabadhi za fidia. Stakabadhi hizo zilichapishwa kwa ajili ya wafugaji wanaoingiza wanyama shambani, na safu ya wanyama ilikuwa na nafasi ya ng'ombe, mbuzi na punda tu. Alifikiri, akaizungusha kalamu, akaandika pembeni kwa mwandiko mzuri: ndege, moja, mabawa manne. Nikalipa, nikatia sahihi palipoandikwa "Mwenye mifugo", na mjomba akatia yake palipoandikwa "Mchungaji".