Fulana nyekundu usiku wa giza: jicho ni shahidi wa kuaminika kiasi gani?

"Mzee wangu, yule mimi namjua hata kwa anavyopiga kasia. Alivaa fulana nyekundu. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili." Maneno ya namna hii si mageni kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye mwalo wa Kigoma asubuhi baada ya nyavu za mtu kuvutwa usiku na mtu mwingine. Jibu la mzee nalo si geni: "Kijana, kwa giza la jana hata kasia lako mwenyewe hukuliona. Fulana ya mtu umeionaje?" Hapo baraza hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba mvuvi aliyekulia ziwani hadanganywi na giza, na wapo wanaosema hasira ya kuibiwa ndiyo iliyomwona mwizi.

Ubishi huohuo umewagawa wataalamu wa macho na ubongo tangu karne ya 19. Kwa maoni yangu baraza na maabara wanakosea mahali pamoja: wanauliza kama jicho linaaminika au haliaminiki, wakati swali ni linaaminika kwa mwanga upi, umbali gani na muda kiasi gani.

Tuanze na upande wa mzee. Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika miaka ya 1860, alifundisha kwamba kuona ni kukisia bila mtu mwenyewe kujua kwamba anakisia. Jicho huleta habari chache, ubongo hukamilisha zilizobaki kwa kutumia mazoea. Ukichunguza jicho lenyewe unaelewa alikotoa wazo hilo. Nyoosha mkono, inua kidole gumba: eneo unaloliona kwa undani wa kweli halizidi sana upana wa kidole hicho. Kwingine kote ni ukungu. Kaza macho kwenye neno moja la mstari huu bila kuyahamisha, kisha ujaribu kusoma neno la tano kutoka hapo, utahangaika. Hatuutambui ukungu huo kwa sababu macho huruka kutoka kitu hadi kitu mara tatu hivi kwa sekunde, na wakati wa kila mruko karibu hatuoni kitu, ila hakuna anayelalamika kwamba dunia inazimika na kuwaka. Kuna pia doa ndani ya kila jicho lisilopokea mwanga kabisa, pale neva inapotokea kuelekea kwenye ubongo. Padri Mfaransa Edme Mariotte alilionyesha katika miaka ya 1660. Kabla ya hapo watu waliishi na doa hilo maisha yao yote bila kulishuku. Na katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, huku nyuzi za neva zinazopeleka habari zikiwa kama milioni moja tu. Kwa hiyo picha imeshachambuliwa na kupunguzwa kabla hata haijafika.

Sisi wa Kigoma tuna ushahidi wetu ng'ambo. Kiangazi, moshi wa mashamba na vumbi vikitanda, milima ya Kongo hupotea, na mgeni anaweza kudhani ziwa halina mwisho. Mvua ikinyesha usiku na hewa ikasafika, asubuhi milima inajitokeza na mikunjo yake yote, na mtu yuko tayari kuapa kwamba imesogea. Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50 na halijapungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni hewa. Ubongo umezoea kwamba kilichofifia na kuingia ubuluu kiko mbali, na chenye mistari mikali kiko karibu. Kipimo hicho kinafaa siku nyingi, ila siku ya hewa safi sana kinakosea.

Kutoka ng'ambo hiyohiyo, kaskazini zaidi, kuna kisa kinachopendwa mno na watu wa upande wa mzee. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliandika mwaka 1961 kuhusu kijana Mmbuti aliyekulia msitu wa Ituri, mahali ambapo miti haikuruhusu kutazama mbali. Alipotolewa msituni akapelekwa kwenye mbuga ya wazi, aliona nyati kwa mbali akauliza wale ni wadudu gani. Mimi kisa hiki sikitegemei. Ni mtu mmoja na msimulizi mmoja, na hatujui ni kiasi gani cha swali lake kilikuwa mshangao tu wa lugha. Afadhali utafiti uliochapishwa 1966 na Segall, Campbell na Herskovits, waliopeleka mchoro wa Müller-Lyer kwenye jamii nyingi, za Afrika zikiwemo: mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja una mabawa yanayofungukia nje, mwingine yanayokunjia ndani. Wakazi wa Evanston, Marekani, walidanganyika sana, wakauona mstari mmoja mrefu kuliko mwingine. Wasani, watu wa jangwa la Kalahari, walidanganyika kidogo mno. Sababu yake inabishaniwa hadi leo, lakini inatosha kuonyesha kwamba watu wenye macho yaleyale wanaweza kuuona mchoro mmoja kwa namna tofauti.

Upande wa kijana nao una watu wazito. James Gibson, Mmarekani, alifanya kazi ya kupima marubani wa jeshi la nchi yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaona kwamba maswali ya maabara kuhusu nukta mbili kwenye skrini hayamsaidii mtu anayetaka kutua na ndege. Rubani anayo ardhi nzima inayomjia. Mahali anapoelekea panatulia, vingine vyote vinatawanyika kutoka hapo, na kasi ya kutawanyika inaonyesha atafika lini. Habari imo ndani ya mwanga wenyewe, haihitaji kukisiwa. Anayebisha apande bodaboda inayoshuka kutoka mtaa wa Mwanga hapa Kigoma kwenda stesheni ya reli saa nne asubuhi: dereva akikwepa shimo, mama mwenye beseni na bajaji kwa mpigo mmoja, hana muda wa nadharia, na huwa anafika. Hoja ya Gibson, aliyoishikilia mpaka alipofariki 1979, ni kwamba udanganyifu wa macho mwingi ni wa watu waliofungwa kwenye kiti, wakatazama mchoro uliosimama. Mruhusu mtu atembee na kugeuza kichwa, mengi yatajirekebisha.

Kuhusu kasia, kijana ana hoja kuliko mzee anavyodhani. Mwaka 1973 Msweden Gunnar Johansson aliwafunga watu vitaa vidogo kwenye viungo, akawapiga filamu gizani hivi kwamba kilichoonekana ni nukta tu. Nukta zikisimama, watazamaji hawakuambulia kitu. Zikianza kwenda, walitambua papo hapo kwamba ni mtu anatembea. Miaka minne baadaye Cutting na Kozlowski wakauliza: je, unaweza kumtambua rafiki yako kwa nukta hizo? Watu waliweza kuliko mtu anayebahatisha, lakini walikosea zaidi ya nusu ya mara. Kwa hiyo mwendo wa mtu unabeba habari ya kweli, ila si habari ya kumpeleka mtu polisi.

Fulana ndiyo inayomwangusha. Jicho lina seli za aina mbili: za rangi, zinazotaka mwanga wa kutosha, na za gizani, zinazofanya kazi kwa mwanga hafifu lakini haziwezi kutofautisha rangi. Hizi za gizani karibu hazihisi wekundu kabisa, na ndiyo maana giza likiingia nyekundu hugeuka nyeusi kabla ya rangi nyingine. Mcheki Jan Purkinje aliliona jambo hilo kwenye maua mwanzoni mwa karne ya 19. Mvuvi wa dagaa hutoka siku zisizo na mbalamwezi, maana taa haivuti samaki mwezi ukiwa mkubwa. Kwa mwanga wa nyota peke yake, fulana nyekundu haionekani nyekundu kwa mtu yeyote, awe mvuvi hodari au mgeni wa jana. Wekundu ule umetoka wapi? Huenda mtumbwi ulipita ndani ya mwanga wa taa, na hapo kijana yuko sahihi kabisa. Au anamjua jirani yake kwa fulana ile ya kila siku, na ubongo ukaipaka rangi. Hilo la kupaka rangi lilipimwa Ujerumani mwaka 2006: watu waliambiwa waondoe rangi kwenye picha ya ndizi mpaka ibaki kijivu, wakapitiliza kidogo kuelekea bluu, kwa kuwa ndizi ya kijivu bado waliiona na unjano.



Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishafika hapa mwaka 1980, katika uamuzi ambao mawakili wanautaja hadi leo. Ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa, ikataja mambo ya kuangalia: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali upi, kulikuwa na mwanga wa namna gani, na kama alimfahamu kabla. Wapo wanaoona masharti hayo yanawalinda wezi wa usiku, na siwalaumu, kwani anayeibiwa gizani hawezi kuagiza jua. Lakini orodha hiyo haisemi jicho ni bovu. Inapima ni kiasi gani cha kuona kilitoka kwenye mwanga na kiasi gani kilijazwa na mtazamaji. Hata kumfahamu mtu kabla, ambako mara nyingi kunamsaidia shahidi, kunakata pande zote mbili: ni rahisi kumtambua unayemjua, na ni rahisi pia kumwona unayemshuku.

Kwa mwalo ningeongeza swali moja: nusu saa kabla ya tukio, ulikuwa unatazama wapi? Seli za gizani zikipigwa na mwanga mkali huhitaji muda wa kama huo kurudi katika nguvu zake. Aliyekuwa ameinama juu ya karabai akivuta wavu ni shahidi tofauti na mwenzake aliyekaa tezi, nyuma ya mtumbwi, akitazama gizani, hata kama walikuwa kwenye mtumbwi mmoja.