Wastani wa Nani?

Wiki iliyopita tangazo la hali ya hewa liliingia katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, likiwa na ramani iliyopakwa rangi ya njano na maneno haya chini yake: uwezekano wa kutokea, wastani; kiwango cha athari zinazoweza kutokea, wastani. Binamu yangu anayekaa jirani na bonde la Msimbazi alijibu kabla ya mtu mwingine yeyote: "Kumbe wastani tu, basi nafua mablanketi." Alifua, na usiku ule alilala juu ya meza akiwa ameyakumbatia mablanketi yale yale, yakiwa yameloa upya.

Najua atakayelaumiwa ni yeye. Itasemwa, kama inavyosemwa kila msimu, kwamba wananchi hawazingatii taarifa za wataalamu. Binamu yangu alizizingatia kikamilifu: alisoma neno la Kiswahili na kulipa maana ambayo Waswahili wote hulipa. Ukimuuliza mtu hali yake akakujibu "wastani", huendi kumtafutia daktari. Wastani ni si haba, ni tunashukuru, ni jambo lisilomkosesha mtu usingizi.

Sasa tazameni jinsi neno hili moja linavyobebeshwa mizigo mitatu. Katika tangazo la tahadhari, wastani wa kwanza unapima uwezekano wa jambo kutokea, na wastani wa pili unapima madhara yake likishatokea. Halafu unakuja utabiri wa msimu, wa vuli au wa masika, unaosema mvua zitakuwa "za wastani hadi chini ya wastani", na hapo neno limehama tena: sasa linamaanisha mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya ile ambayo eneo husika limezoea kupata kwa hesabu ya muda mrefu, yaani miaka 30. Asilimia hizo husikii zikitajwa redioni, wala miaka hiyo 30. Linalofika masikioni ni wastani, kana kwamba taifa zima lina ndoo moja ya kupimia.

Shangazi yangu analima mahindi Handeni, na mwaka mmoja nilimsindikiza kwenye mkutano wa kijiji ambako mtaalamu alikuja na projekta, jenereta na kurasa zisizopungua ishirini za michoro. Alikuwa kijana mstaarabu, aliwaamkia wazee vizuri, na sina shaka kwamba hesabu zake zilikuwa sahihi. Shangazi alinyoosha mkono akauliza, "Mwanangu, huo wastani ni wa kwetu hapa au ni wa Amani?" Watu walicheka, na kijana naye alicheka, akapita kwenye ukurasa uliofuata. Lakini lile ndilo lilikuwa swali la kisayansi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Amani na Handeni ziko mkoa mmoja wa Tanga. Amani, juu kwenye milima ya Usambara, hupata mvua inayokaribia milimita 1,900 kwa mwaka, na mkulima wa Handeni akiziona hizo atajenga safina. Wastani wa kule ni gharika huku, na wastani wa huku ni ukame kule. Mwanamke aliyeishia darasa la nne alikuwa ameigusa dhana nzima kwa swali moja, na aliyetumwa kuieleza hakuitambua ilipomsimamia mbele.

Lipo pia la mtawanyiko, ambalo mkulima hulijali kuliko jumla. Msimu unaweza kuitwa wa wastani huku mvua yake yote ikiwa imemwagika ndani ya wiki mbili, ikafuatiwa na jua la mwezi mzima wakati mahindi yanatoa mbelewele. Utabiri huligusa jambo hili kwa sentensi ya mwisho kabisa, "mtawanyiko usioridhisha", ambayo ni lugha ya barua ya ofisini inayomkataa mwombaji kazi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kazi yao si rahisi. Utabiri ni uwezekano, na mtaalamu atakayeapa kwamba mvua itanyesha Jumanne ataitwa mwongo ifikapo Jumatano. Nakubali pia kwamba Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, taarifa zilitaja kiko kilomita ngapi kutoka pwani na kinaelekea wapi, na kila mtu alielewa bila semina. Kwa hiyo wanaweza. Na huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, wataalamu wa hali ya hewa walikubali kukaa na wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaosoma mvua kwa miti, ndege na wadudu tangu enzi za babu zao, wakalinganisha utabiri wa pande mbili na kutoka na kauli moja. Hata neno Elnino halikuhitaji mfasiri mwaka 2023, kwa sababu lilikuja na kumbukumbu ya mafuriko ya 1997 na 1998 ndani yake.

Rangi ya njano nayo, kwa msikilizaji wa redio, sijui ilikusudiwa kumsaidia nini.

Ninachodai ni kidogo mno. Mvua kubwa, kwa matangazo yetu, ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Paa la mita 5 kwa 10 likipokea milimita 50 linamwaga lita 2,500, yaani mapipa 12 na nusu. Mwambieni binamu yangu kwamba kila paa la mtaa wake litamwaga mapipa 12 usiku huu na yote yanateremkia bondeni, muone kama atafua.

Baada ya mkutano ule nilimfundisha shangazi kutega kopo la maziwa uani, mbali na miti na upenu wa paa, na kupima maji kwa upana wa vidole, kwa sababu vidole vitatu vya mtu mzima vikibanwa pamoja havitofautiani sana na milimita 50. Sasa hunipigia simu asubuhi, na nikishamwamkia ananipa taarifa: leo kidole kimoja, jana nusu, juzi halikulowa. Majuzi alisikiliza utabiri hadi mwisho, akanipigia akiwa na hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Wamesema wastani tena," alisema. "Hebu waulize hao wenzio wa mjini, ni vidole vingapi?"