Kabla ya kuligawa Jiji la Mbeya, upeni mtaa hadhi ya kijiji

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa mtaa mmoja hapa mjini. Mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa alinyoosha mkono akauliza: "Jiji hili likigawanywa, sisi wa huku tutapata nini?" Aliyekuwa meza kuu akamjibu kwamba mambo ya muundo ni ya kitaalamu, yataletwa kwa wananchi yakishakamilika. Mzee akaketi, mkutano ukahamia kwenye michango ya ulinzi shirikishi. Jibu lile limenikera hadi leo, na ndiyo maana naandika.

Tangu Uyole, sehemu ya Jiji hili, iwe jimbo la uchaguzi linalojitegemea mwaka 2025, gumzo halijatulia. Panda daladala Kabwe uelekee Nsalaga, hujafika Sae utakuwa umeshasikia: jimbo tumepata, sasa ifuate halmashauri. Wengine wanataka kinyume chake. Wanasema Mbalizi, ulio chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, uingizwe Jiji, maana nyumba zimeshaungana na mgeni hajui wapi Jiji linaishia. Na barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, upande wa Mbalizi, imezidi kuwatia watu hamu. Pande zote mbili zinabishania mpaka upite wapi na makao makuu yajengwe wapi. Sijamsikia mtu akiuliza mkazi wa mtaa atakuwa na uwezo gani mpya siku ya pili baada ya mpaka kuchorwa.

Nitasema wazi ninachoamini. Kugawa halmashauri au kuipanua bila kugusa mtaa ni kuongeza wakuu wa idara. Jiji hili lina kata 36 na mitaa 181, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603. Ukiligawa mara mbili, utapata mameya wawili, wakurugenzi wawili, mabaraza mawili, magari ya ofisi mara mbili. Mitaa itabaki ileile 181, mikono mitupu ileile.

Nasema mikono mitupu kwa sababu ya sheria. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili za kurudisha serikali za mitaa: Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji. Sheria Namba 7 ilikipa kijiji uhai. Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye hadhi ya kisheria: inamiliki mali kwa jina lake, inafungua kesi na inaweza kushtakiwa, inatunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Juu yake uko mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyokabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji na kuifunga kwa ridhaa ya mkutano mkuu.

Njoo mjini. Mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa na watu, mara ya mwisho Novemba 27, 2024, una wajumbe wa kamati, una mtendaji aliyeajiriwa. Lakini hauna hadhi ile. Hautungi sheria ndogo. Haumiliki kiwanja wala jengo kwa jina lake. Kila kitu ni cha halmashauri ya mji. Ardhi yake imetoka kwenye sheria ya vijiji ikaingia kwenye Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, chini ya Kamishna wa Ardhi. Kazi ya kila siku ya mwenyekiti wangu ni kusuluhisha majirani, kupokea matangazo na kugonga muhuri kwenye barua za utambulisho. Anaifanya kwa moyo, tena bila mshahara, kwa posho inayotegemea makusanyo ya halmashauri. Mwenzake wa kijijini, asiye na lami wala taa za barabarani, ana kikao kinachoweza kumwambia mwekezaji hapana.

Sasa fikiria maana ya kupanua mji. Kijiji kikiingizwa mjini kwa kawaida kinageuka mtaa. Watu wanapiga vigelegele kwamba wamepandishwa hadhi, na siku hiyohiyo mkutano mkuu wao unapoteza nguvu uliyokuwa nayo juu ya ardhi. Hakuna anayewaeleza hivyo kwenye mkutano wa hadhara.

Mama yangu mdogo anaishi kwenye mji mmoja wa nyanda hizi. Siutaji, kwa sababu lililotokea pale linaweza kutokea popote mji unapokua. Kwao kulikuwa kijiji, na kijiji kilikuwa na shamba la pamoja ambalo wanakijiji walililima kwa zamu. Mahindi yake yalilisha watoto shuleni, na msimu mzuri yaliyobaki yaliuzwa kununua mabati. Mji ukapanuka, kijiji kikawa mtaa. Miaka michache baadaye wakakuta mawe ya mipaka yamepandwa katikati ya shamba. Viwanja vilikuwa vimeshapimwa. Walipokwenda kuuliza waliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba kijiji hakipo tena, na mtaa hauna shamba. Mama mdogo alitoka na daftari la mahudhurio ya kazi za shamba, majina ya watu kwa miaka, mengine ya marehemu. Ofisa akalitazama akamrudishia. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kila mtu aliyehusika alifuata utaratibu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko kama kungekuwa na mwizi wa kumshika.

Jiji letu lenyewe lina watu wa namna hii. Panda Tembela, Mwasanga, Mwansekwa: ni wakulima, wanaishi kwa jembe, na kwenye karatasi ni wakazi wa jiji sawa na mwenye duka Uhindini. Wanatawaliwa kwa sheria iliyoandikwa ikimfikiria mpangaji wa mjini, na chombo chao cha karibu hakina kalamu wala mfuko.

Najua hoja ya upande wa pili na sitaidharau. Jiji ni refu. Mtu wa Igawilo mwenye shida ya kibali cha ujenzi anapoteza nusu siku na nauli kwenda mjini. Mkoa wa Songwe ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, watu wa Ileje na Momba walianza kwenda Vwawa badala ya kuja huku, na hiyo ni nafuu ya kweli. Njombe ilipotoka Iringa mwaka 2012 ilikuwa hivyohivyo. Kama shida ni umbali tu, sawa, fungueni ofisi ndogo Uyole yenye ofisa ardhi na ofisa biashara wenye mamlaka ya kusaini. Hiyo haihitaji baraza jipya.

Tena hiyo halmashauri mpya itakuwa na nini mkononi? Barabara za mitaa zilikwenda TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo cha uhakika cha miji, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme.

Nimeambiwa pia kwamba wenyeviti wa mitaa si waaminifu, wanashuhudia kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Wapo, na wafungwe. Lakini mtu anayeleta hoja hiyo ajiulize kwa nini wizi wa ngazi ya mtaa unatumika kuunyima mtaa madaraka, ilhali hoja za ukaguzi kwenye halmashauri, zinazosomwa na Mkaguzi Mkuu wa serikali (CAG) kila mwaka, hazijawahi kuwa sababu ya kuzinyima halmashauri madaraka. Mwaka 1972 zilifutwa, ndiyo, kwa sera ya Madaraka Mikoani, iliyozipeleka kazi zao kwa maofisa wa serikali kuu mikoani. Miji ilichakaa, huduma zikaanguka, na ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978, kabla hata ya zile sheria za 1982. Tulishajaribu kutawala miji bila wenyewe. Na Februari 2021 tuliona Jiji la Dar es Salaam likivunjwa na Ilala kugeuzwa jiji kwa tangazo moja, bila mtaa wowote kuulizwa.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Wananchi! Imesema hivyo bila kutaja makao makuu wala mji upi uwe na stendi kubwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani, hoja ya muundo ikifika mezani kwenu naomba mfanye jambo moja kabla ya kupiga kura. Andikeni azimio la baraza kwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa (TAMISEMI), kutaka Sheria Namba 8 irekebishwe ili mtaa uwe chombo chenye hadhi ya kisheria, wenye mali yake, akaunti yake, na sehemu ya mapato ya ndani inayotajwa kwa asilimia. Tunatenga asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na tumejua kuigawa nne, nne, mbili. Hatushindwi kutaja fungu la mtaa.

Na ninyi wa vijiji vinavyopakana na Jiji, kuanzia upande wa Mbalizi, msingoje azimio la mtu. Mkutano mkuu ujao uwe na ajenda ya mali: shule, zahanati, shamba, msitu, kisima, kila kimoja na mipaka yake na muhtasari wa siku kilipopatikana. Kama kijiji hakijapata cheti cha ardhi ya kijiji, dai hilo lipelekwe wilayani sasa. Wasaini mwenyekiti na mtendaji, nakala moja ibaki kijijini na nyingine kwa diwani, na atakayekuja kuwaomba mkubali kuwa mjini aulizwe, mbele ya mkutano, kila kilichomo kwenye orodha ile kitakuwa cha nani.