Feni Yenye Umeme Pande Mbili

Nikimwambia mtu wa Tanga kwamba nimekosa raha kwa wiki tatu kwa sababu hita ya gari imekufa, hunitazama kama vile nimelalamika kwamba maji ya kisima changu yamepungua chumvi. Kwao hita ni ile alama nyekundu ya dashibodi ambayo mtu huigusa kwa bahati mbaya, akashtuka na kuirudisha upesi. Sisi tunaoishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tunajua kwamba alfajiri ya Juni na Julai huja na ukungu wake, na kwamba kioo cha mbele kisichopulizwa hewa kwa ndani hugeuka ukuta uliopakwa chokaa kabla hujaifikia barabara ya lami.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo changu, kilipokwisha kupita kwenye mabati, kwenye ada na kwa ndugu ambao sikuwa nikiwajua, kiliishia kwenye pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1986, ambayo hunibebea viazi kwenda sokoni na kumbeba Mama Neema kwenda kanisani. Niseme mapema kwamba Wajapani walioiunda hawana kosa lolote katika habari hii. Mkosaji anapatikana Njombe, na tutamfikia.

Asubuhi moja ya Juni niliwasha gari, nikazungusha swichi ya feni nafasi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikaipeleka hadi mwisho kwa nguvu ambayo haikuhitajika, nako kimya kile kile. Mama Neema akachukua ncha ya kitenge akaanza kufuta kioo, na tangu siku hiyo akawa waipa ya ndani, kazi aliyoifanya kwa maneno mengi kuliko waipa za nje. Fyuzi niliikagua mwenyewe nikaikuta nzima, jambo lililonisikitisha, kwa kuwa fyuzi ndiyo kipuri pekee ambacho bei yake haihitaji kikao cha familia.

Jirani yangu aliwahi kuwa utingo wa lori miaka ya themanini, na kwa sababu hiyo ni mhandisi. Alikuja na kidumu cha ulanzi, akainama kidogo, akatamka kwamba ni rezista. Nilimweleza kwa adabu kwamba rezista ni zile nyaya zilizosokotwa kama springi, zikakaa ndani ya njia ya hewa ili feni yenyewe izipoze. Umeme hupita humo feni inapotakiwa kwenda polepole, lakini ukiiweka mwendo wa mwisho umeme huziruka. Rezista ikifa, mwendo wa mwisho hubaki. Mimi sikubakiwa na mwendo wowote. Jirani alinisikiliza hadi mwisho, akanywa, akasema, "Mwalimu, ni rezista." Bado anasema hivyo.

Nikaenda kwa fundi umeme. Ni kijana mzuri, nilimfundisha darasa la tano, na pengine hapo ndipo tatizo lilipoanzia. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akafungua kishubaka cha dashibodi, akazama mle chini upande wa abiria hadi ikabaki miguu tu, huku taa yake ya kupimia umeme ameibana kwenye bolti ya injini. Akagusa waya wa kwanza wa mota ya feni, taa ikawaka. Akagusa waya wa pili, taa ikawaka pia, labda kwa aibu kidogo, ila iliwaka. Akatoka na buibui kwenye nywele, akanitazama kwa huruma ya daktari. "Mwalimu, umeme umejaa. Huku upo, na kule upo. Mota ndiyo imechoka."

Nilikubali. Mtu mzima anayetetemeka hukubali mambo mengi. Nilinunua mota nyingine, iliyotumika, kwa shilingi 70,000, na muuzaji aliizungusha kwa betri mbele ya macho yangu ikavuma kama nyuki. Tukaifunga. Nikazungusha swichi. Kimya kile kile cha bei ya zamani. Fundi akapima tena: umeme upande huu, umeme upande ule. Akajikuna akasema kwamba labda hii nayo imechoka, safarini.

Usiku huo sikulala. Mama Neema alidhani nawaza mambo ya familia, kumbe nawaza waya wa pili. Nimefundisha sayansi miaka 31. Nimechora ubaoni betri, swichi na balbu mpaka chaki ikaniingia kifuani, na kila mwaka niliwaambia watoto kwamba umeme hauendi mahali ambapo hauna njia ya kurudi. Mpira wa kumwagilia bustani ukizibwa mwishoni hujaa maji kote kote, unavimba, lakini hakuna tone linalotembea. Waya wa kwanza ulikuwa umejaa. Waya wa pili nao ulikuwa umejaa, na huo ulijazwa na umeme uliopita ndani ya mota yenyewe. Mota ingekuwa imekatika ndani, waya wa pili ungekuwa mkavu. Ile taa iliyowaka mara ya pili ilikuwa shahidi wa utetezi, nasi tukamchukua kuwa shahidi wa mashtaka, mota isiyo na hatia ikafungwa, na mimi nikalipa faini ya shilingi 70,000.

Ili mtu aelewe, ni lazima ajue kwamba katika pikapu hii swichi ya feni haikukaa kabla ya mota kama wengi wanavyodhani. Ukishazungusha ufunguo, umeme hutoka kwenye fyuzi, ukaenda hadi kwenye mota na kusubiri pale. Ndipo njia ya kutokea hupita kwenye rezista na swichi, kisha ikaishia athi, yaani kwenye bodi ya gari. Swichi haileti umeme, inaufungulia mlango wa nyuma. Mlango wetu wa nyuma ulikuwa umefungwa na mtu.

Kulipokucha nilichukua waya mrefu, ncha moja nikaibana kwenye ncha hasi ya betri na ya pili nikaigusisha kwenye ule waya wa pili wa mota. Feni ikanguruma hadi kuku wakakimbia. Nikairudisha mota ya zamani, nikafanya vile vile, nayo ikanguruma, tena kwa sauti nzuri zaidi kuliko ya ile niliyoinunua. Hapo nilikaa kidogo.

Kisha nikafuata waya mweupe wenye mstari mweusi, ambao katika magari ya Toyota ndio wa athi, kutoka kwenye swichi hadi ulipojificha pembeni ya miguu ya abiria. Ulikuwa umekazwa kwa bolti ya spana namba 10, umenyooka, msafi, unapendeza. Nikaweka swichi mwendo wa mwisho, nikagusisha mita kwenye kichwa cha waya ule na kwenye ncha hasi ya betri. Mahali ambapo mita ilipaswa kusoma karibu sifuri, ilisoma volti 12. Nikafungua bolti. Chini yake kulikuwa na rangi. Rangi nzito, ya bluu, inayong'aa, iliyopakwa kwa upendo hadi ndani ya tundu la bolti, na umeme haupiti kwenye rangi.

Rangi hiyo ilipakwa Desemba, kwa ajili ya sendofu ya Neema, kwa sababu kuna mtu alisema hawezi kumsindikiza binti yake kwa gari lenye madoa kama chui, akamtaka fundi wa rangi avue kila kitu na apake "mpaka ndani kabisa, fundi, usinifiche kona". Mtu huyo alikuwa mimi. Fundi wa rangi alitii kila neno, akarudisha kila bolti mahali pake juu ya rangi mpya, na kwa kuwa hakuna anayewasha hita mwezi wa Desemba, tuliishi kwa amani miezi sita. Hata kiwashia sigara kilikuwa kimekufa kutokana na athi hiyo hiyo, nisingejua kamwe, maana sivuti.

Nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana cheupe ukubwa wa sarafu, nikasugua na kichwa cha waya, nikakaza, nikapaka grisi kidogo juu kuzuia kutu. Dakika nane. Nilimwita Mama Neema aje ashuhudie, akaketi na kitenge chake tayari kwa kazi, nami nikazungusha swichi polepole kama mtu anayefungua mlango wa mgeni rasmi. Nafasi ya kwanza, feni ikapumua. Nafasi ya mwisho ikatoa majani makavu, manyoya ya kiota cha panya, na risiti ya mafuta iliyofifia wino. Baada ya hapo ikaja hewa.

Ilikuwa hewa ya baridi. Nilisubiri injini ipate moto, mshale ukapanda hadi katikati, na hewa ikaendelea kuja baridi, safi, nyingi, kana kwamba nimefungua dirisha la kuelekea Makete. Nikafungua boneti. Mipira miwili ya maji iliyopaswa kuingia kwenye hita, ikiipelekea moto wa injini, ilikuwa imeunganishwa pamoja kwa kipande cha bomba, ikitoka kwenye injini na kurudi kwenye injini bila kumsalimia mtu. Pikapu hii, kabla ya kuja kwangu, ilikuwa ya mtu wa Dar es Salaam.

Niliporudi ndani, kioo kilikuwa kimeanza kutakata kwa upepo peke yake. Mama Neema alikuwa amejifunika kitenge hadi masikioni, akaniuliza kwa upole kama kuna namna ya kuizima.