Nembo ya Raptors: kucha tatu zinatosha

Pale Mlango Mmoja, Mwanza, jezi ya zambarau ya Toronto Raptors, timu ya kikapu ya Kanada, yenye dinosaria mwekundu anayedunda mpira haikai sana kwenye lundo la mitumba. Yenye nembo ya sasa, mpira uliokwaruzwa kwa kucha tatu, nimeikuta imelala hadi jioni. Vijana wa kikapu wananiambia klabu iliua nembo yenye uhai ikaweka muhuri wa ofisi.

Nawaelewa. Klabu ilianza kucheza 1995, miaka miwili baada ya filamu ya dinosaria ya Jurassic Park, na jina lilipatikana kwa shindano la Kanada nzima. Dinosaria yule, makucha yametoboa viatu, mtoto hahitaji kuambiwa ampende. Nembo iliyoanza kutumika msimu wa 2015/16 haina mnyama kabisa.

Ila nembo mbunifu huichora mara moja tu. Baada ya hapo inachorwa upya na watu wasio wabunifu, kila mahali inapopendwa. Kwenye uwanja mmoja wa mtaani huku Nyegezi, vijana walimtaka dinosaria kwenye ubao wa goli. Mchora mabango akahangaika naye asubuhi nzima: meno, vidole, mikunjo ya kaptula, mkia. Rangi ikaanza kuchuruzika kabla hajamaliza mguu wa pili. Alipokwisha, watoto wakamwita kenge. Wiki mbili baadaye akapaka nyeupe juu yake, akapiga duara kwa kamba na msumari, akabandika vipande vitatu vya utepe wa gundi kwa mshazari, akapaka nyeusi, akabandua. Aliyesimama ng'ambo ya barabara akajua ni Raptors. Fundi cherehani naye anaidarizi kwa uzi wa rangi moja, na kwenye simu inasomeka ikiwa ndogo kama punje ya harage.

Kuhusu uhai, tuhesabu. Misimu 20 ya dinosaria, Raptors walivuka raundi moja tu ya mtoano, walipowatoa New York Knicks 2001. Moja, katika miaka 20! Chini ya kucha tatu wakawafunga Golden State Warriors kwa michezo 4–2 kwenye fainali ya mwaka 2019 na kuwa mabingwa wa kwanza wa ligi ya kikapu ya NBA kutoka nje ya Marekani, wakiwa na Siakam wa Kameruni, Ibaka wa Kongo-Brazzaville, na Masai Ujiri, Mnigeria, akiwa rais wa klabu. Nembo haifungi vikapu, najua. Lakini furaha ile ina sura, na sura yake ni mikwaruzo hiyo.

Wala dinosaria hakuzikwa: klabu ilimrudisha kwenye jezi za kumbukumbu msimu wa 2019/20. Hapo ndipo anapokaa vizuri.

Masika yaliufifisha ubao wa Nyegezi upande mmoja. Aliyepanda ngazi na kopo la rangi kuirudishia mikwaruzo ni mchezaji mdogo kuliko wote.